Ndege Akilindwa, Mwindaji Aelekee Wapi?

Mwaka 2017 wawindaji wa vijiji vya pwani ya magharibi ya Alaska waliruhusiwa tena kumwinda bukini wa kifalme, baada ya katazo la miaka thelathini. Habari hiyo haikuvuma nje ya jimbo hilo la Marekani, ingawa inastahili kusomwa kwa makini na kila anayewajali ndege na watu wanaoishi nao. Ni nadra spishi iliyokuwa ikipungua kulindwa, ikaongezeka, kisha waliojinyima kitoweo chao wakarudishiwa haki yao. Mara nyingi mambo hukwama njiani. Ama ndege huzidi kupungua huku mwanakijiji akigeuzwa mhalifu, ama mwindaji huendelea kuua kwa kibali mpaka ndege wanakaribia kwisha.

Swali la uchambuzi huu ni hili: sheria za kulinda ndege walio hatarini humfanyia nini mtu aliyezoea kuwawinda pale anapoishi? Wahifadhi wengi hujibu kwamba sheria humzuia, na kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Wawindaji hujibu kwamba sheria humnyang'anya. Ukifuatilia yaliyotokea Alaska, Malta, magharibi mwa Ulaya na hapa kwetu Afrika Mashariki, utaona kwamba ukali wa katazo hausemi mengi kuhusu matokeo yake. Kinachoamua ni kama katazo lilitaja mapema, kwa tarakimu, ni lini litalegezwa, na kama lilimgusa kila anayemuua ndege huyo au lilimwangukia mnyonge peke yake.

Kalenda iliyoandikwa mbali

Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, zilifunga mkataba wa kuwalinda ndege wahamao. Sababu ilikuwa nzito. Wawindaji wa biashara walikuwa wakijaza masoko ya miji mikubwa kwa nyama ya ndege, na njiwa msafiri, aliyewahi kuhesabiwa kwa mabilioni, alikuwa ametoweka kabisa. Wa mwisho wao alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Mkataba huo, na sheria ya 1918 iliyoutekeleza, ulifunga uwindaji kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1 ili ndege wapate kutaga na kulea makinda kwa amani.

Kwa mwindaji wa California, kalenda hiyo ilikuwa ya haki. Ndege humfikia wakati wa vuli na baridi, msimu ukiwa wazi. Huko Alaska mambo yalikuwa kinyume. Mabata na mabukini hufika Aprili na Mei, hukaa majira mafupi ya joto, na ifikapo Septemba wengi wameanza safari ya kusini. Miezi ya kuwasili kwao ndiyo miezi ambayo akiba ya chakula cha msimu wa baridi imekwisha vijijini. Kwa hiyo watu wa Yup'ik na Inupiat, wenyeji wa asili wa huko, walikatazwa kuwinda wakati ndege wapo, wakaruhusiwa wakati ndege wameshaondoka. Walioandika mkataba hawakuwauliza.

Kwa miongo kadhaa katazo hilo halikutekelezwa kwa nguvu. Alaska ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1959, utekelezaji ukaanza kwa dhati. Mei 1961, katika mji wa Barrow, unaoitwa leo Utqiaġvik, mjumbe wa bunge la jimbo John Nusunginya alikamatwa kwa kuwinda mabata nje ya msimu. Wenzake hawakurusha mawe wala kuchoma ofisi. Watu 138 walijitokeza mbele ya afisa wa wanyamapori, kila mmoja na bata wake, wakataka nao wakamatwe. Serikali isingeweza kuufunga mji mzima, na mashtaka yakaachwa.

Hata hivyo sheria yenyewe haikubadilika upesi. Iliwabidi wasubiri hadi mkataba huo wa Kanada, pamoja na mwingine wa aina hiyo na Meksiko, irekebishwe, marekebisho ambayo Seneti ya Marekani iliyaridhia mwaka 1997. Mwaka 2000 likaundwa baraza la usimamizi wa pamoja ambamo wenyeji, serikali ya jimbo na serikali ya shirikisho huketi meza moja. Msimu wa kwanza halali wa uwindaji wa kitoweo katika majira ya kuchipua ukafunguliwa mwaka 2003. Kutoka siku ya Barrow hadi hapo ni miaka arobaini na miwili. Kosa la kalenda lilikuwa dogo kwenye karatasi, na vizazi viwili vya watu wakaishi wakihesabiwa kuwa majangili kwa sababu yake.

Makubaliano yaliyotaja idadi

Wakati sheria ikisuasua, jambo jingine lilikuwa likitendeka katika delta ya mito Yukon na Kuskokwim. Bukini mdogo mwenye shingo nyeusi na mashavu meupe, anayezaliana katika delta hiyo na kukimbilia kusini wakati wa baridi, alikuwa ameporomoka kutoka laki kadhaa katika miaka ya 1960 hadi takriban 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila upande uliunyooshea mwingine kidole. Wawindaji wa California walisema wenyeji wa Alaska wanaokota mayai na kuua ndege wanaotaga. Wenyeji walisema wazungu wa kusini wanaua kwa ajili ya mchezo.

Mwaka 1984, katika kijiji cha Hooper Bay, pande hizo zilikubaliana. Watu wa Yup'ik wangeacha kumwinda bukini huyo na kuokota mayai yake. Wawindaji wa California nao wangefungiwa kumpiga. Aina nyingine za bukini waliopungua ziliwekewa masharti yake. Kumbuka kwamba uwindaji wa majira ya kuchipua ulikuwa tayari umekatazwa kisheria tangu 1916, na katazo hilo halikuwaokoa ndege. Waliokolewa na makubaliano ambayo kila upande uliona mwenziwe naye amejinyima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 bukini yule mdogo alikuwa amevuka 150,000 na uwindaji ukarejea kwa kiasi.

Bukini wa kifalme alichukua muda mrefu zaidi. Hesabu ya kutoka angani ilishuka kutoka 139,000 mwaka 1964 hadi 42,000 mwaka 1986, na uwindaji ukafungwa. Mpango wa usimamizi uliweka kizingiti kilicho wazi: wastani wa miaka mitatu ukifika 80,000, uwindaji utafunguliwa tena. Ilichukua miongo mitatu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa katazo alikua na kupata watoto wake bila kuwahi kumwinda ndege huyo kihalali. Tafiti vijijini zilionyesha kwamba baadhi waliendelea kuwindwa kimyakimya, na huenda hilo nalo lilichelewesha kurejea kwao. Lakini idadi ilipofika pale palipotajwa, mamlaka zilitimiza ahadi. Mwaka 2017 uwindaji wa kitoweo ulifunguliwa, na kwa wawindaji wa jumla wa vuli kukawekwa kikomo cha ndege 1,000 kwa vibali.

Huko kutimiza ahadi ndiko kiini cha jambo lote. Mtu anayejua kwamba kizingiti ni 80,000 ana sababu ya kumkanya kijana wake anayetaka kuvunja sheria, maana kila bukini anayeachwa anaisogeza siku ya kufunguliwa. Mtu aliyeambiwa tu "hairuhusiwi" hana sababu hiyo. Kwake, anayevunja sheria bila kukamatwa ndiye mjanja, na anayeitii anabaki na sufuria tupu.

Ndege wanaofanana, na risasi inayobaki matopeni

Alaska pia inaonyesha upande mgumu zaidi. Bata-bahari wa miwani aliwekwa mwaka 1993 katika orodha ya spishi zilizo hatarini chini ya sheria ya shirikisho, baada ya jozi zinazozaliana katika delta ile kupungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970. Mwaka 1997 bata-bahari wa Steller wanaozaliana Alaska wakafuata. Hawa hawawindwi, na hakuna kizingiti kinachotarajiwa karibuni.

Tatizo ni kwamba wanaruka pamoja na bata-bahari wengine ambao ni halali na ambao ni chakula cha siku zote huko Utqiaġvik. Ulinzi wa ndege mmoja hivyo humgusa mwindaji anayemtafuta mwingine. Msimu mzima unaweza kusitishwa kwa dharura endapo ndege waliolindwa watakuwa hatarini. Haya ndiyo madhara ambayo mijadala mingi huyasahau: upatikanaji wa uwindaji hupungua hata kwa ndege asiyelindwa, kwa sababu tu anafanana na aliyelindwa au anakaa naye.

Dawa ya hali hii haikutegemea bunduki peke yake. Uchunguzi uligundua kwamba mabata wa delta walikuwa wakila marisau ya madini ya risasi yaliyozama matopeni kutokana na mapigo ya miaka mingi, wakifa kwa sumu. Marekani ilikuwa imekataza marisau hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, lakini katazo likichelewa kufika vijijini na marisau ya chuma yakiwa ghali, sumu huendelea. Kumwelimisha mwindaji abadili risasi kunaweza kuokoa ndege wengi bila kumfungia msimu. Palipo na njia ya aina hiyo, kuanza na katazo ni uvivu wa kiutawala.

Malta, na hua aliyevuka bahari

Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 1979 mwongozo wa kuwalinda ndege wa porini. Unakataza kuwawinda wanaporejea kuzaliana, lakini unaziruhusu nchi kutumia msamaha kwa masharti: kusiwe na njia nyingine ya kuridhisha, idadi iwe ndogo, na usimamizi uwe mkali. Malta, nchi ya visiwa yenye wawindaji wenye leseni zaidi ya 10,000 katika eneo la kilomita za mraba 316 tu, iliingia katika Umoja huo mwaka 2004 na kuutumia msamaha huo katika majira ya kuchipua kuwapiga hua wa Ulaya na kware wanaopita kutoka Afrika. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitamka kwamba Malta ilivunja sheria katika misimu ya 2004 hadi 2007. Serikali haikuufuta msimu. Iliupunguza, ikaweka kikomo, ikaendelea.

Mwaka 2015 wananchi walipiga kura ya maoni. Waliotaka msimu uendelee walishinda kwa asilimia 50.4, tofauti ya kura zisizofikia 3,000. Wiki chache baadaye kipanga aliyepigwa risasi alianguka katika uwanja wa shule mbele ya watoto, na Waziri Mkuu Joseph Muscat akaufunga msimu siku chache kabla ya muda wake. Mwaka huohuo hua wa Ulaya aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Malta ilisimamisha uwindaji wa hua wa majira ya kuchipua mwaka 2017, kisha ikaufungua tena mwaka 2022 kwa kikomo cha 1,500. Kufungua huko hakukutokana na ndege kuongezeka. Kulitokana na msukumo wa siasa, na mvutano na Umoja wa Ulaya ukaendelea.

Tazama sasa Hispania, Ufaransa na Ureno, ambako hua wa njia ya magharibi hupita kwenda Sahel. Nchi hizo zilikuwa zikiua takriban hua milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2021 zote zilisimamisha uwindaji. Jozi zinazozaliana zikaanza kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2025 Tume ya Ulaya, kwa masharti yaliyotajwa tangu awali kuhusu ongezeko la idadi na uwezo wa kudhibiti, iliruhusu uwindaji urejee kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya idadi ya ndege, yaani takriban 132,000 kwa njia yote ya magharibi. Mashirika ya uhifadhi yalilalamika kwamba ni mapema mno, na huenda yana haki. Hata hivyo hakuna mwindaji wa Hispania anayeweza kusema alidanganywa.

Kisa cha hua kinafundisha jambo jingine. Uingereza humlinda ndege huyu, lakini huko ndiko alikopotea karibu wote, kwa sababu magugu yenye mbegu alizokula yameuawa kwa dawa za mashambani na vichaka vya kujengea kiota vimekatwa. Nako Sahel, miti anamolala inageuzwa kuni na makaa. Ukimfungia mwindaji na kumwachia mkulima mkubwa afanye apendavyo, umemtoza mmoja deni la wengi.

Kwetu: katazo lisilo na kizingiti

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Tembo walikuwa wakiuawa kwa maelfu, na hatua hiyo ilieleweka. Uwindaji wa ndege kama kanga na kware uliachiwa kwa leseni, na mwenye leseni alikuwa zaidi mtu wa bunduki na gari kuliko mwanakijiji mwenye kitanzi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikataza uwindaji wa burudani na pia uwindaji wa kujipatia kitoweo. Katika katazo la kitoweo hakuna kizingiti cha idadi wala tofauti kati ya ndege anayetoweka na kanga anayekula mbegu shambani.

Je, katazo hilo liliwaokoa wanyama? Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, kipindi chote ambacho marufuku ilikuwa kazini. Ardhi ilikatwa vipande, uzio ukaongezeka, mifugo na mashamba vikatanuka. Kwa ndege adui mkubwa amekuwa sumu. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, Busia, watu walitumia dawa ya kuua wadudu aina ya kabofurani kuwanasa ndege wa majini, wakiwemo korongo wanaokula konokono, kisha nyama ikauzwa ili watu waile. Mtafiti Martin Odino aliyaweka wazi haya kuanzia mwaka 2009. Wafugaji wanaomwekea simba mzoga wenye sumu huwaua tumbusi kwa makumi, na mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la hatari kubwa kabisa.

Linganisha na mtego wa jadi wa magharibi mwa Kenya. Huko kware wadogo, aluru kwa Wajaluo na isindu kwa Waluhya, hunaswa kwa njia ya zamani. Madume huwekwa katika vikapu vilivyotundikwa kwenye mti mrefu, waimbe alfajiri, na wenzao wanaopita hushuka kwenye vitanzi vilivyofichwa majanini. Njia hii haiui korongo wala tumbusi, haiachi sumu majini, na mtegaji huona anachokishika, hivyo anaweza kumwachia asiyemtaka. Sheria inayomweka mtegaji huyu kapu moja na mmwaga sumu haijui inachokilinda.

Tanzania imechukua njia tofauti kidogo. Wahadzabe wa kuzunguka Ziwa Eyasi wanaruhusiwa kuwinda kwa upinde na mshale kwa ajili ya chakula, na watoto wao hujifunza shabaha kwa kuwalenga ndege wadogo. Haki hiyo ya kuwinda ingebaki maneno matupu bila ardhi, kwa kuwa mashamba na mifugo vilikuwa vikiwasukuma kila mwaka. Hatua iliyowasaidia zaidi ilikuja mwaka 2011, walipopewa hati ya kimila ya ardhi katika bonde la Yaeda, hekta zaidi ya 20,000. Mwindaji aliye na ardhi ana sababu ya kuwahesabu wanyama wake. Mwindaji asiye na ardhi huchukua anachokiona, kwa kuwa kesho atakikuta mwingine.

Hoja ya kupinga, na jibu lake

Wapo wanaosema, na wana uzito, kwamba nchi zetu si Alaska. Ukiruhusu kitanzi kimoja leo, kesho kuna vitanzi elfu na nyama imefika Nairobi kwa pikipiki. Askari wa wanyamapori ni wachache, na katazo la jumla ni rahisi kulitekeleza: ukikutwa na ndege, una kosa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa biashara, na ndiyo maana uuzaji wa nyama ya ndege wa porini mijini ubaki umekatazwa. Ni ya kweli pia kwa ndege ambao hawana ziada na hawatakuwa nayo katika maisha yetu: tumbusi, na bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hao hakuna cha kujadili.

Kwa kanga, kware na hua wa kawaida hoja hiyo inapungua nguvu. Katazo la jumla ni rahisi kulitekeleza dhidi ya mama mwenye kanga mmoja kuliko dhidi ya anayemwaga sumu usiku. Na gharama ya kuhesabu si kisingizio. Marekani iliwataka wawindaji wa mabata wanunue stempu maalumu tangu 1934, na fedha hizo, zaidi ya dola bilioni moja hadi leo, zimenunua na kuhifadhi ardhi oevu wanamozaliana ndege wenyewe. Kenya nayo inao watu wanaojua kuhesabu: tangu 1991 ndege wa majini wa maziwa ya Bonde la Ufa wamekuwa wakihesabiwa Januari na watafiti pamoja na wananchi wa kujitolea. Ujuzi upo. Haujawahi kuunganishwa na ahadi kwa mwanakijiji.

Nionavyo, kila sheria inayomfungia mtu ndege wa kitoweo iandikwe na mambo manne ndani yake. Kwanza, itaje idadi ambayo ikifikiwa, uwindaji utarejea, na idadi ambayo ikishukiwa utafungwa tena. Pili, itaje wote wanaomuua ndege huyo, pamoja na mkulima, mfugaji na muuza dawa, na kila mmoja abebe sehemu yake. Tatu, iwape wanaowinda kwa chakula kiti katika baraza linaloamua, kama ilivyofanyika Alaska mwaka 2000, na isingoje miaka themanini. Nne, ipime njia ya kuwinda kabla ya kupima aliyewinda: kitanzi kinachochagua kisihukumiwe sawa na sumu isiyochagua.

Hakuna kati ya haya linalomwondolea ndege ulinzi. Bukini wa kifalme alilindwa kwa miaka thelathini, na hua wa magharibi akalindwa kwa miaka minne. Wote wawili waliongezeka, na wote wawili walikuwa na watu waliokubali kungoja kwa sababu walijua wanangoja nini. Mwindaji wa Siaya au wa Busia anaweza kungoja vilevile. Mpaka leo hajawahi kuambiwa angoje hadi idadi ifike ngapi.